Kupandisha daraja la EPC la nyumba yako kabla mkaguzi hajapiga hodi

Mkaguzi wa kwanza kuja kwetu kwa ajili ya EPC, yaani cheti cha ufanisi wa nishati cha nyumba, alikaa kama dakika arobaini. Alipima vyumba kwa kipimo cha leza, akapiga picha boila, akahesabu balbu, kisha akauliza njia ya kupandia darini. Njia ilikuwapo, ila chini yake palisimama kabati la nguo ambalo watu wawili hawalisogezi. Akasema sawa, akaandika, akaaga. Cheti kilipotoka tulikuwa na daraja D, na kwenye mstari wa paa kimeandikwa kwamba insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoroke, ni kidogo na kwamba imekisiwa. Huko darini kulikuwa na sufi ya kioo yenye unene wa milimita 270, tuliyoilipia wenyewe miaka miwili nyuma.

Tangu hapo nimewasaidia ndugu na marafiki kadhaa kujiandaa kwa ukaguzi, na ninaanza na jambo lile lile kila mara: mkaguzi haandiki unachomwambia. Anaandika anachokiona, anachokipima, au kilichomo kwenye karatasi zenye anwani ya nyumba. Haruhusiwi kutoboa ukuta wala kung'oa sakafu. Asichokiona anakikisia kwa umri wa nyumba, na makisio ya nyumba kuukuu huwa mabaya. Kwa hiyo kazi ni mbili: kuboresha nyumba, na kuhakikisha maboresho yanaonekana. Wengi wanafanya ya kwanza wakasahau ya pili.

Haya yanahusu England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini wana utaratibu wao.

Cheti kinapima nini hasa

EPC ina madaraja kutoka A hadi G, na nyuma ya kila herufi kuna alama. A ni 92 kwenda juu, B ni 81 hadi 91, C ni 69 hadi 80, D ni 55 hadi 68, E ni 39 hadi 54, F ni 21 hadi 38, na G ni chini ya hapo. Alama zinatokana na makadirio ya gharama ya nishati kwa kila mita ya mraba: kupasha nyumba joto, maji ya moto, taa na uingizaji hewa. Hesabu inafanywa kana kwamba nyumba inakaliwa na watu wa kawaida, sebule ikiwa nyuzi 21.

Maana yake, bili zako hazimhusu mkaguzi. Kaya yenye bibi anayesikia baridi hata Julai na kaya ya kijana mmoja anayeshinda kazini zitapata alama zile zile kama nyumba zinafanana. Friji mpya, mashine ya kufulia, pazia zito na zulia nene havihesabiwi. Hita ya kubebeka haihesabiwi pia, lakini ile iliyofungwa ukutani inahesabiwa, nayo nitairudia.

Kwa kuwa kinachopimwa ni gharama, bei ya umeme ina uzito wake. Umeme ni ghali kuliko gesi kwa kila uniti, ndiyo maana fleti yenye hita za umeme inaweza kupata alama mbaya kuliko nyumba ya jirani yenye boila ya gesi, hata kama kuta zake ni bora zaidi.

Cheti kinadumu miaka 10 na kinahitajika unapouza au kupangisha. Mwenye nyumba wa kupangisha anabanwa zaidi: tangu tarehe 1 Aprili 2020 nyumba ya kupangisha inapaswa kuwa na angalau E, isipokuwa iwe na msamaha uliosajiliwa, na faini inaweza kufika pauni 5,000 kwa nyumba.

Sasa tahadhari. Tarehe 15 Juni 2025 ilianza kutumika njia mpya ya kukagua nyumba zilizokwisha kujengwa, iitwayo RdSAP 10. Madirisha sasa yanapimwa moja moja badala ya kukadiriwa kwa jumla, na mambo mengine yanaandikwa kwa undani zaidi. Nyumba ile ile inaweza kutoka na alama tofauti bila wewe kugusa msumari. Kama cheti chako bado kina miaka na daraja lake linakutosha, usikimbilie kipya. Na kama unaboresha, usimwite mkaguzi kazi ikiwa nusu, kwa sababu cheti kipya kikishasajiliwa ndicho mnunuzi au mpangaji atakachokiona kwanza.

Hatua ya kwanza: soma cheti cha zamani kama hati ya mashtaka

Nenda kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK, sehemu ya kutafuta vyeti vya nishati, andika postikodi, utaviona vyeti vya nyumba yako bila malipo. Achana kwanza na ile grafu ya rangi. Shuka hadi kwenye jedwali linaloeleza kuta, paa, sakafu, madirisha, mfumo wa joto, maji ya moto na taa.

Tafuta neno "assumed". Kila linapotokea, mkaguzi hakuona, akakisia. Kwa kila mstari wenye neno hilo jiulize: je, ni kweli? Kama si kweli, nitathibitisha vipi? Mara nyingi hapo ndipo zilipo alama za bei nafuu kuliko zote.

Kisha angalia mapendekezo, ambayo huonyesha nyumba ingefika alama ngapi kila hatua ikifanywa. Piga hesabu ya pengo lako. Mwenye 66 anahitaji alama tatu tu kufika C, na pengine koti la tangi la maji na balbu zinamtosha. Mwenye 48 anayetaka C ana safari nyingine kabisa, na hakuna balbu itakayomfikisha.

Hatua ya pili: karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna mahali msemo huo unauma kama hapa. Tenga faili moja, liwe la karatasi au la simu, uweke:

- vyeti vya madirisha, kama vya FENSA (mpango wa kusajili wafungaji madirisha), vinavyoonyesha tarehe ya kufungwa;
- dhamana ya insulesheni ya ukuta, mara nyingi ile ya miaka 25 ya CIGA, shirika la dhamana za kuta zilizojazwa;
- hati ya kukamilika kwa ujenzi kutoka kwa wakaguzi wa majengo, kwa kipande chochote kilichoongezwa au chumba kilichotengenezwa darini;
- cheti cha MCS (mpango wa kuthibitisha mitambo ya nishati jadidifu) cha paneli za sola au pampu ya joto, yaani mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kuliingiza ndani;
- ankara za mafundi zenye anwani kamili ya nyumba, zikieleza kilichowekwa na unene wake;
- picha ulizopiga kazi ikiendelea, kabla ukuta au sakafu haijafunikwa.

Risiti ya duka peke yake haina nguvu. Inaonyesha kwamba ulinunua mabunda kumi ya sufi, haionyeshi yalikwenda nyumba gani.

Chumba cha darini ndicho kinachowaumiza watu wengi. Mtu ananunua nyumba ya miaka ya 1930 ambayo mwenyewe wa zamani aligeuza dari kuwa chumba cha kulala mwaka 2009. Kuta na mteremko wa paa vina insulesheni ya kisasa, lakini vimepigwa plasta, hakuna anayeviona. Bila hati, mkaguzi anakisia kwa umri, na alama zinaporomoka kwa sababu chumba cha aina hiyo kimezungukwa na paa pande zote. Kama huna hati, wasiliana na idara ya udhibiti wa majengo ya halmashauri yako uombe nakala. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla ya ukaguzi.

Kuhusu madirisha, mbinu ndogo: ukichungulia kwenye kingo kati ya vioo viwili, ule utepe wa chuma mara nyingi umechapwa mwaka au namba ya kiwango. Kama cheti kimepotea, mwonyeshe mkaguzi mahali hapo. Vioo viwili vilivyofungwa tangu 2002 vinahesabiwa bora kuliko vya zamani, kwa sababu kanuni za ujenzi zilikazwa mwaka huo.

Hatua ya tatu: panda darini

Kwa nyumba ya kawaida hapa ndipo pesa kidogo inapofanya kazi kubwa. Chukua rula, choma hadi kwenye dari, soma unene. Nyumba nyingi zina milimita 100 tu, yaani sufi imeishia usawa wa boriti. Kiwango kinachopendekezwa ni 270. Tabaka la kwanza linalala kati ya boriti, la pili linakatiza juu yake ili kuziba hata mgongo wa mbao.

Ukiifanya mwenyewe, vaa barakoa, glavu na miwani, na kanyaga boriti tu au ubao uliolazwa juu yake. Ukikanyaga katikati, mguu utatokea chumba cha chini. Acha nafasi ya kama milimita 50 pembeni, paa linapokutana na ukuta, ili hewa ipite. Ukiziba hapo mbao zitaanza kutoa ukungu. Nyaya za umeme zipandishe juu ya sufi pale inapowezekana, na taa zilizozamishwa kwenye dari usizifunike bila kofia zake za kinga.

Tangi la maji baridi lifunike juu na pembeni, lakini chini yake usiweke kitu. Joto kidogo linalopanda kutoka chumbani ndilo linalolizuia lisigande. Mabomba nayo yavishe, kwa sababu dari ikishafunikwa vizuri, juu yake panakuwa na baridi kuliko zamani.

Mfuniko wa darini watu huusahau: gundisha kipande cha insulesheni mgongoni mwake na utepe wa kuzuia upepo kwenye kingo.

Halafu suala la mbao za kuhifadhia vitu. Ukipigilia mbao moja kwa moja juu ya boriti, unaikandamiza sufi, na ikikandamizwa inapoteza kazi yake. Zipo nguzo fupi za plastiki za kuinua mbao juu ya tabaka zote mbili. Tena acha ubao mmoja unaofunguka. Dari iliyofunikwa yote kwa mbao ni dari ambayo rula haiingii, na hapo tunarudi kwenye makisio.

Kwetu, mara ya pili, kabati lilihamishwa siku mbili kabla. Mkaguzi alipanda ngazi, akachoma rula, akapiga picha, akashuka. Mstari ule wa paa ukageuka.

Kuta

Kwanza jua una ukuta wa aina gani. Nyumba nyingi zilizojengwa kuanzia miaka ya 1930 zina ukuta wa tabaka mbili wenye uwazi katikati. Za kabla ya hapo kwa kawaida ni tofali tupu. Simama nje utazame. Kama matofali yote yameonyesha ubavu wake mrefu, kuna uwezekano mkubwa wa uwazi. Kama marefu yanapishana na mafupi katika mstari mmoja, huo ni ukuta mzima.

Ukuta wenye uwazi unaweza kujazwa kwa siku moja, na huenda umeshajazwa bila wewe kujua. Tafuta kwenye viungo vya saruji alama za matundu yaliyozibwa, yamepangwa kwa mpangilio, kila moja kama upana wa sarafu ya pauni moja. Ukiyaona, mwonyeshe mkaguzi. Usidhani atayaona mwenyewe, hasa kama ukuta umepakwa rangi.

Kama hujajaza, usikurupuke. Nyumba inayopigwa na mvua ya upepo, ukuta wenye nyufa, au viungo vilivyochakaa vinaweza kuruhusu maji kupita kwenye ile sufi hadi ndani. Rekebisha nje kwanza. Na fundi anayepiga simu bila kualikwa, akakuahidi kujaza bure kesho yake bila kuukagua ukuta, mwache apite.

Ukuta mzima ni habari nyingine. Kuuvalisha insulesheni kwa ndani kunakula nafasi ya chumba na kunalazimu soketi na rejeta (vyuma vya kupasha chumba joto) kuhamishwa. Kwa nje kunabadilisha sura ya nyumba na mara nyingine kunahitaji kibali. Alama zinapanda sana, gharama pia. Kwa maoni yangu hiyo si kazi ya kufanya kwa ajili ya herufi pekee. Ifanye kama unakusudia kukaa humo, na upange uingizaji hewa sambamba nayo.

Vitu vidogo vya wikendi moja

Tangi la maji ya moto, kama unalo, livishe koti la milimita 80. Ni kazi ya nusu saa na ni miongoni mwa alama rahisi kuliko zote. Hakikisha tangi lina thamostati (kidhibiti cha joto) yake, na kabati lake lifunguke siku ya ukaguzi. Tangi lililofungiwa nyuma ya masanduku linakisiwa kama kila kitu kingine.

Badilisha balbu zote zilizofungwa kuwa za LED, pamoja na ile ya stoo na ya korido ambayo hakuna anayeikumbuka. Zinazohesabiwa ni zilizofungwa kwenye dari za vyumba na ukutani. Taa ya mezani haimo.

Vidhibiti vya joto ni vitatu: saa ya kuwasha na kuzima, thamostati ya chumba, na vali za thamostati kwenye rejeta. Boila nzuri isiyo na thamostati ya chumba inapoteza alama bure.

Milango na madirisha yanayovujisha upepo yawekee utepe, na sakafu ya mbao ijaze nyufa. Usizibe matundu ya hewa yaliyowekwa makusudi, hasa palipo na kifaa cha kuchoma gesi au kuni. Gesi ya kaboni monoksidi ni sumu, na haina harufu.

Vitu vinavyokuangusha kimya kimya

Tazama ukutani na kwenye meko. Je, kuna hita ya zamani ya gesi sebuleni ambayo haijawashwa tangu ulipohamia? Mkaguzi akiikuta imefungwa, ataiandika kama chanzo cha pili cha joto, na katika nyumba yenye boila hesabu inachukulia kwamba asilimia 10 ya joto inatoka hapo. Kama ni kifaa hafifu, kinakuvuta chini. Kiondolewe na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, bomba lizibwe sawasawa. Hita ya umeme iliyopigiliwa ukutani na kusahaulika ina kosa hilo hilo.

Dohani iliyo wazi nayo inahesabiwa kama tundu la kupoteza hewa ya joto. Kama hutumii meko, dohani izibwe moja kwa moja na iachiwe tundu dogo la hewa ili ndani pasiwe na unyevu. Mfuko wa kupuliza uliochomekwa humo unapunguza baridi kweli, ila kwenye fomu usiutegemee.

Kazi kubwa: boila, sola, pampu ya joto

Mkaguzi anatafuta modeli ya boila yako kwenye hifadhidata. Lebo ikifutika na kitabu kikipotea, anatumia kundi la jumla, ambalo mara nyingi ni baya kuliko ukweli. Andika jina na namba ya modeli mapema. Kama boila ina bomba jembamba la plastiki linalotoa maji nje, ni ya kizazi kipya, aina iliyoanza kulazimishwa mwaka 2005. Ambayo haina bomba hilo huenda imefika umri wa kubadilishwa.

Paneli za sola zinapandisha alama vizuri kwa sababu zinapunguza gharama moja kwa moja. Pampu ya joto inahitaji mawazo zaidi. Ruzuku ya Boiler Upgrade Scheme inatoa pauni 7,500 England na Wales, na kwa nyumba iliyokuwa ikitumia mafuta au hita za umeme alama zinaweza kuruka. Kwa nyumba yenye boila nzuri ya gesi, usishangae zikipanda kidogo tu, kwa sababu hesabu ni ya bei. Hiyo haimaanishi pampu ni mbaya. Cheti kinapima kitu kingine.

Kwa fleti yenye hita zinazotumia umeme wa usiku kuhifadhi joto, mpe mkaguzi njia ya kufika kwenye mita. Aina ya mita inaingia kwenye hesabu, na mita iliyofungiwa kwenye chumba cha chini cha jengo ambacho ufunguo anao msimamizi imewahi kumponza rafiki yangu.

Kabla hujamlipa fundi, kumbuka kwamba insulesheni, sola na pampu za joto zikifungwa na mkandarasi zinatozwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 0 hadi tarehe 31 Machi 2027. Ukinunua dukani ufunge mwenyewe, unalipa kodi kama kawaida.

Siku ya ukaguzi, na kabla cheti hakijasajiliwa

Sogeza kabati. Weka ngazi tayari. Fungua kabati la tangi, la mita na la boila. Faili liwe mezani, karatasi zimepangwa kwa chumba. Tembea na mkaguzi bila kumganda, na umwonyeshe yale matundu ya ukutani na ule utepe wa vioo.

Kabla hajaondoka, mwombe akupe matokeo ya rasimu kabla ya kuyasajili. Wengi hukubali. Soma kila mstari, tafuta neno lile lile la makisio, na hakiki ukubwa wa sakafu na mwaka wa ujenzi, maana kosa la mwaka linabadilisha makisio yote yaliyobaki. Ukikuta alama 68, uliza ni kitu gani kingeleta ya 69. Mara nyingine jibu ni balbu mbili ulizozisahau bafuni, na bado una muda wa kuzibadilisha na kumtumia picha. Kama cheti kimeshasajiliwa kikiwa na kosa, mwandikie yeye kwanza ukiambatanisha ushahidi. Asiporekebisha, jina la chama kilichompa usajili limeandikwa kwenye cheti chenyewe pamoja na namba yake, na malalamiko yanapelekwa huko.